Programu gani ya marejeleo inaifaa tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili?

Mtafiti wa Kahawa

Salamu kwenu nyote. Ninaandika tasnifu ya uzamili hapa Nairobi kuhusu ushairi wa magazetini, na nimemaliza sura tatu ambazo marejeleo yake yote niliyachapa kwa mkono. Msimamizi wangu ameniagiza niyalinganishe yote na mtindo wa APA, toleo la 7. Wakati huohuo, kuna jarida ambalo ningependa kulipelekea makala inayotokana na sura ya pili, nalo linataka mtindo mwingine wa marejeleo, MLA. Ndiyo maana nimeanza kutumia Zotero, programu ya kutunza vyanzo na kupanga marejeleo, ila matokeo yananitatiza. Katika orodha ambayo yote ni ya Kiswahili yanajitokeza maneno kama "In" na "Eds.", nikibadilisha mtindo kuwa MLA, kila neno katika jina la kitabu linaanza kwa herufi kubwa, hata "ya" na "wa", na ripoti ya Kenya National Bureau of Statistics imewekwa chini ya herufi S, kana kwamba kuna mwandishi aitwaye Statistics. Je, kuna programu nyingine inayokimudu Kiswahili vizuri zaidi? Vyanzo vyangu vingi ni vitabu vya zamani, nakala za Taifa Leo, mahojiano, pamoja na barua nilizozisoma katika Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue. Naomba pia mzingatie kwamba intaneti yangu ni ya bando.

Mkutubi

Ndugu mtafiti, usihame. Mendeley, ambayo tangu 2013 inamilikiwa na kampuni ya Elsevier, nayo huunda marejeleo kwa faili za mitindo za aina ileile inayotumiwa na Zotero, kwa hiyo utayakuta matatizo yaleyale huko. EndNote ni programu nzuri lakini ni ya kulipia, na sioni itakachokuongezea kwa kazi ya ukubwa huu. Zotero ni ya bure, na hufanya kazi kwenye kompyuta yako hata bando likiisha. Nafasi ya bure ya kuhifadhi faili kwenye seva yao ni megabaiti 300, ambazo PDF huzimaliza upesi; zima usawazishaji wa faili (yaani kunakiliwa kwake kwenye seva hiyo) na uache ule wa taarifa za vyanzo peke yake, kwa sababu huo haupimwi kwa kiasi hicho.

Kuhusu taasisi, programu haikukosea. Iliambiwa kwamba huyo ni mtu mwenye jina la kwanza na la mwisho, nayo ikatii: "Statistics, K. N. B. of". Kando ya kisanduku cha mwandishi kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku viwili vya jina kuwa kimoja. Kibonyeze, andika jina la taasisi kwa ukamilifu, nalo halitakatwa tena. Njia hiyohiyo huwafaa waandishi ambao majina yao hayagawanyiki Kizungu. Ngũgĩ wa Thiong'o huorodheshwa maktabani chini ya Ngũgĩ, kwani Thiong'o ni jina la babake. Programu ikiachiwa hiari itampeleka kwenye herufi T.

Halafu chunguza majina yanayofanana. Ukimwandika mwandishi mmoja kuwa "Kamau, J." katika chanzo kimoja na "Kamau, J. M." katika kingine, Zotero itadhani hao ni watu wawili, na ndani ya matini utaona (J. Kamau, 2012) na (J. M. Kamau, 2015) mahali ambapo ulitarajia jina la ukoo peke yake. Watu wengi hulalamikia jambo hili wakidhani ni hitilafu ya mtindo, ilhali ni orodha yao wenyewe isiyolingana. Alama za ũ na ĩ nazo huleta utata huohuo zikiwekwa hapa na kuachwa pale.

Mhariri wa Ngara

Nakubaliana na Mkutubi, nami nitaongeza mambo mawili yanayohusu lugha.

Herufi kubwa za MLA zina dawa nyepesi ambayo watu wachache huijua. Kila chanzo kina kisanduku cha lugha, na kisanduku hicho kikiwa kitupu, Zotero hukichukulia chanzo kuwa cha Kiingereza. MLA inataka majina ya vitabu vya Kiingereza yaanze kila neno muhimu kwa herufi kubwa, na maneno madogo ambayo programu inajua kuyaruka ni ya Kiingereza tu. Hivyo "Historia ya ushairi wa pwani" hugeuka kuwa "Historia Ya Ushairi Wa Pwani", jambo linalochukiza macho. Andika "sw" katika kisanduku hicho kwa kila chanzo cha Kiswahili, na jina litaachwa jinsi ulivyolichapa. Maana yake ni kwamba wewe mwenyewe uwe umelichapa vizuri, kwa kuwa orodha nyingine za maktaba huleta jina zima kwa herufi kubwa.

Ama kuhusu "In" na "Eds.", itakubidi uiguse faili ya mtindo wenyewe. Ni faili ya maandishi ya kawaida, na Zotero ina kihariri chake ndani ya mipangilio. Mtindo unaruhusiwa kubeba istilahi zake zinazochukua nafasi ya zile za kawaida: "Katika" badala ya "In", "Wah." badala ya "Eds.", "na wenzake" badala ya "et al." Kabla ya kuhifadhi, ubadilishe jina la mtindo pamoja na kitambulisho chake kilicho juu ya faili, usipofanya hivyo, siku Zotero itakaposasisha mitindo yake, toleo lako litafutwa bila kuulizwa. Na kabla ya hayo yote, mwulize msimamizi kama idara inayataka maneno hayo kwa Kiswahili. Idara nyingine huyaacha kwa Kiingereza, na hakuna haja ya kuhangaikia jambo ambalo hakuna aliyelidai.

Mwalimu Mstaafu

Mimi bado nawaambia vijana kwamba mtu mwenye vyanzo ishirini anaweza kuviandika kwa mkono na kulala mapema. Lakini kwa tasnifu, na kwa mitindo miwili, ninanyamaza.

Nasemea mahojiano tu. APA hutofautisha wahojiwa wa utafiti wako na watu wengine uliozungumza nao. Maneno ya wahojiwa ni data yako. Unayanukuu katika matini na kueleza jinsi ulivyoyakusanya, wala hayaingii katika orodha ya marejeleo. Mazungumzo mengine yasiyoweza kupatikana na msomaji hutajwa ndani ya matini peke yake, pamoja na tarehe. Kwa hiyo, kwa tasnifu hii ya APA, mahojiano yako usiyaingize katika programu. Yatajipenyeza kwenye orodha nawe utapata kazi ya kuyaondoa.

Mtafiti wa Kahawa

Nawashukuru sana, na shikamoo Mwalimu. Kisanduku cha lugha kimefanya kazi mara moja. Nina maswali mawili yaliyobaki: vitabu vya zamani na barua za Hifadhi niziingizeje, na je, nitampaje msimamizi faili ambayo haitaharibika, maana yeye husahihisha moja kwa moja ndani ya Word?

Mkutubi

Vitabu vyenye ISBN, yaani nambari ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, huingia kwa kuchapa nambari hiyo tu, lakini ISBN zilianza kutumika kimataifa takriban 1970, kwa hiyo vya kabla ya hapo utavijaza kwa mkono ukiwa na kitabu mezani. Tazama ukurasa wa hakimiliki, wala usitegemee jalada la kitabu, ambalo mara nyingi halionyeshi mwaka wala toleo. Kwa barua za Hifadhi, chagua aina ya "barua", andika jina la Hifadhi katika kisanduku cha hifadhi, na nambari ya faili la karatasi lenye barua hiyo katika kisanduku cha mahali ilipo, kama ilivyoandikwa kwenye faili lenyewe. Taifa Leo iwe makala ya gazeti, na tarehe yake iwe kamili.

Kuhusu msimamizi, kila rejeleo lililoingizwa na Zotero ndani ya Word limeunganishwa na programu. Mtu akilihariri kwa mkono, Zotero itakuuliza baadaye kama uyaache mabadiliko hayo, na ukikubali, rejeleo hilo halitajisasisha tena. Mwombe aandike maoni pembeni badala ya kugusa mabano. Usiihamishe faili hiyo kwenda Google Docs kwa kuipakia tu, kwani viungo vitapotea. Katika mipangilio ya hati kuna chaguo la kuhamia programu nyingine ya uandishi, pitia hapo. Nakala ya kuwasilisha chuoni ifanye kwa kunakili faili nzima kwanza, kisha uviondoe viungo katika ile nakala peke yake.

Zile sura tatu usitafute njia ya mkato. Fungua kila ukurasa, futa rejeleo lililochapwa, ingiza la programu mahali pake. Utaona njiani vyanzo vilivyotajwa katika matini ambavyo havikuwahi kufika kwenye orodha.