Toyota Harrier ya mtumba: kizazi cha pili au cha tatu kwa familia ya Dodoma?

Mkazi wa Makulu

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa kumiliki au kutengeneza Toyota Harrier, kwa kuwa mimi na mume wangu tumekwisha kukubaliana kununua gari hilo na tumebaki kuvutana juu ya toleo. Tuna watoto watatu, tunaishi Dodoma, tunakwenda Dar es Salaam mara kwa mara kikazi, na msimu wa kilimo unapofika tunaingia barabara ya vumbi kuelekea shambani wilayani Mpwapwa. Fedha tuliyo nayo inatosha kununua Harrier ya kizazi cha pili, hii ambayo wengi wanaiita Tako la Nyani, yenye injini ya lita 2.4 na namba D, yaani iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini, bila kukopa popote. Tukichukua mkopo mdogo kazini, tunaweza kuifikia ya kizazi cha tatu, yaani Anaconda, ya mwaka 2014, kwa kuiagiza Japani.

Mume wangu anaitetea ya kizazi cha pili kwa hoja kwamba kila fundi anaijua na spea zake zimejaa Kariakoo. Mimi naipendelea ya tatu kwa sababu ya matumizi ya mafuta, na kwa sababu gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu wengi hapa nchini linanitia mashaka. Ningependa kufahamu tofauti za kweli zilizopo chini ya bodi, kama giaboksi ya CVT, yaani ile ya otomatiki isiyo na hatua za gia, inastahili kuogopwa kiasi hiki, na kama ile ya haibridi, inayotumia petroli na umeme, inafaa kufikiriwa kwa mazingira yetu.

Fundi wa Ilala

Dada, nakushukuru kwa kueleza njia mnazopita, maana bila hilo ushauri wowote ungekuwa wa kubahatisha. Nitaanza na historia kwa kifupi. Harrier ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1997, na nje ya Japani gari lile lile liliuzwa kwa jina la Lexus RX 300. Kizazi cha pili kilianza Februari 2003 na nacho kilikuwa ndugu wa Lexus RX. Kizazi cha tatu, kilichotoka mwishoni mwa 2013, ndicho cha kwanza kuachana na Lexus na kutengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Cha nne kilifuata Juni 2020, na kwa bajeti uliyoieleza sitakizungumzia.

Kutengana huko na Lexus kuna matokeo unayoweza kuyahisi ukiwa umekaa ndani. Kizazi cha pili kina milimita 2,715 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilhali cha tatu kina 2,660, kwa hiyo kwenye lami ndefu kama ya Morogoro kuelekea Dodoma gari la zamani hutulia vizuri zaidi kuliko watu wanavyotarajia. Kizazi cha tatu kinashinda kwa dashibodi ya kisasa na kwa matumizi ya mafuta. Kwa kipimo cha Japani cha JC08, ile ya 2.0 inayovuta magurudumu ya mbele ilipewa kilomita 16 kwa lita. Barabarani kwetu usitarajie kuifikia namba hiyo, lakini bado utaiacha mbali 2.4 yenye giaboksi ya hatua nne.

Jambo ninalotaka mlizingatie ni kwamba kuuliza kizazi peke yake hakutoshi, kwa sababu ndani ya kizazi kimoja kuna magari yenye tabia tofauti kabisa. Kizazi cha pili kina injini ya 2.4 inayoitwa 2AZ-FE, kina V6, yaani ya silinda sita, ya 3.0 inayoitwa 1MZ-FE, na kuanzia 2006 kikapata V6 ya 3.5 inayoitwa 2GR-FE yenye nguvu farasi 280. Ile ya 3.0 inatumia mkanda wa taimingi, yaani mkanda wa mpira unaoendesha vali za injini, ambao Japani hubadilishwa gari linapofikisha kilomita 100,000, na mara nyingi utakuta kibandiko ndani ya boneti kinachoonyesha ulibadilishwa lini. Ukikosa kibandiko na muuzaji akakosa risiti, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa na uweke gharama hiyo kwenye bei. Injini za 2.4 na 3.5 zinatumia cheni.

Hiyo 2.4 mnayoifikiria ni injini ninayoiheshimu, lakini ina magonjwa mawili yanayojulikana duniani kote. Katika magari ya miaka ya mwanzo hadi karibu 2006, nyuzi za boliti za silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, upande wa nyuma hulegea ndani ya bloku ya alumini, maji yanaanza kuvuja polepole, na gari linachemsha. Katika magari ya baada ya hapo, ringi za pistoni huziba na injini inakula oili. Hakuna haja ya kulikimbia gari kwa sababu hiyo, ila mkalikague mkijua mnatafuta nini.

Tahadhari nyingine ni toleo lililoandikwa AIRS. Hilo linatumia mifuko ya hewa badala ya springi za kawaida, na linapendeza sana likiwa zima. Kwa barabara ya Mpwapwa, mifuko hiyo ikishazeeka huanza kuvuja, asubuhi unalikuta gari limelala chini, na wengi huishia kufunga springi za kawaida. Mkikuta Harrier ambayo mfumo huo umeshaondolewa, ichunguzeni kazi hiyo ilivyofanywa, kwa maana nimeona zilizofungwa springi zisizolingana na uzito wa gari.

Kuhusu CVT ya kizazi cha tatu, naomba niseme kwa uzito wote. Giaboksi hiyo haifi kwa sababu ya barabara zetu, inakufa kwa sababu ya mafuta tunayoyatia. Inahitaji mafuta yake maalumu ya CVT, na fundi anayemimina hidroliki ya kawaida ya giaboksi za zamani anaiharibu hata kama kwa wiki za kwanza gari linatembea vizuri. Mkinunua Anaconda, mwageni mafuta ya giaboksi mapema na mtie yanayostahili, kisha msimruhusu mtu yeyote kuyagusa bila ninyi kuona kopo lenyewe. Kwenye injini ya 3ZR-FAE ya gari hilo, mfumo wa Valvematic unaoendesha vali una kifaa cha umeme ambacho kikifa gari hupoteza nguvu na taa ya injini inawaka, kwa hiyo pimeni kwa kompyuta kabla ya kulipa.

Wakala wa Forodha, Dar es Salaam

Naomba kuongezea upande ambao mafundi huuacha, yaani kodi, kwa sababu kwa muulizaji wetu ndipo uamuzi ulipo. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria unategemea ukubwa wa injini: lenye sentimita za ujazo 1,001 hadi 2,000 linatozwa asilimia 5, na lililozidi hapo linatozwa asilimia 10. Injini ya Anaconda ina sentimita za ujazo 1,986, kwa hiyo inaingia kwenye kundi la chini, wakati 2AZ-FE yenye 2,362 inaingia la juu. Mpaka hapo hoja ya dada inaonekana kushinda.

Tatizo ni umri. Gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi miaka 10 nyongeza hiyo inakuwa kubwa zaidi. Anaconda ya 2014 imekwisha kuvuka miaka 10. Mara nyingi mteja anatamani ya 2014 kwa kuwa bei ya Japani ni ndogo, halafu anapojumlisha ushuru anakuta ya miaka miwili au mitatu mbele ingemgharimu pesa inayokaribiana na hiyo, huku akipata gari lililotembea kidogo. Kabla ya kumlipa muuzaji yeyote, ingieni kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA), muandike mwaka na aina ya gari, mlinganishe miaka mbalimbali wenyewe. Mkiweza kufika toleo lililoboreshwa kuanzia Juni 2017, mtapata pia mfumo wa usalama wa Toyota Safety Sense P, unaojumuisha breki ya kujisaidia gari linapokaribia kugonga. Mengi ya toleo hilo mtayatambua kwa taa za ishara zinazowaka kwa kufuatana. Jihadharini tu na 2.0 ya turbo iliyoingia mwaka huo huo, kwa sababu imetengenezewa petroli ya okteni ya juu.

Mkiagiza, daini karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kule Japani, na muisome wenyewe. Daraja likiandikwa R au RA, maana yake gari liligongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, herufi W inaonyesha sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX inaonyesha kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea, mwacheni na gari lake.

Msomaji wa Nairobi

Hapa Kenya sisi hatuna uchaguzi huo, kwa sababu gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo Harrier ya kizazi cha pili hupatikana tu kwa mtu aliyekwisha kuisajili. Jambo moja nililojifunza katika soko letu linaweza kuwafaa: vuteni mkanda wa usalama wote mpaka mwisho wake. Lebo iliyoshonwa chini huonyesha tarehe ya kutengenezwa, ambayo mnaweza kuilinganisha na kadi ya gari, na utepe wenyewe ukiwa na alama ya tope mahali ambapo kwa kawaida hujificha ndani, gari hilo limewahi kuzama kwenye maji.

Mama wa Njiro

Dada, mimi ninamiliki Harrier haibridi ya kizazi cha tatu hapa Arusha, yenye injini ya 2.5, kwa hiyo nitajibu swali hilo moja. Mjini, kwenye foleni na kusimama kwingi, gari hili linatumia mafuta kidogo mno, kwa sababu breki zinarudisha umeme kwenye betri na injini inazimika yenyewe. Katika safari ndefu kwa mwendo wa lami faida hiyo inapungua sana, na safari zenu nyingi ni za namna hiyo.

Betri kubwa imewekwa chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia matundu yaliyo karibu na miguu ya abiria. Vumbi na nyuzi za mazulia huziba kichujio chake, betri inapata joto, na umri wake unapungua. Kukisafisha ni kazi ndogo, lakini mafundi wengi hawajui hata kwamba kipo. Watoto wenu watatu watakaa hapo nyuma, na begi moja likisukumwa mbele ya tundu linatosha kuzuia hewa. Mimi nalipenda gari langu na sijutii, ila kwa vumbi la Mpwapwa na kwa gari la mtumba ambalo historia ya betri yake hamna, ningewashauri mchukue ya petroli ya kawaida.

Mkazi wa Makulu

Nawashukuru sana nyote. Tumekaa na kikokotoo kama tulivyoshauriwa, na ni kweli ya 2014 haina nafuu niliyoidhani, wakati za 2017 zinahitaji mkopo mkubwa kuliko tunavyotaka. Mume wangu amepata 2.4 ya mwaka 2005 hapa Dodoma, kodi zimeshalipwa, mwenye gari ni mmoja tangu lilipoingia nchini na ametunza risiti za matengenezo. Fundi wa Ilala, ungeikagua vipi hiyo boliti ya silinda hedi uliyoitaja, ikizingatiwa kwamba hatuwezi kufungua injini ya mtu?

Fundi wa Ilala

Mmiliki mmoja na risiti zake ni mali, dada, na kwa hali hiyo nakubaliana na mume wako. Nendeni asubuhi na mapema, na mumwombe mwenye gari asiliwashe kabla yenu kufika. Chukueni tochi na kioo kidogo cha mkononi, mkishushe nyuma ya injini, upande unaotazama dashibodi, mahali silinda hedi inapokutana na bloku. Maji ya Toyota ya kupozea injini ni ya rangi ya waridi, na yanapovuja yakakauka huacha ukoko mweupe wenye wekundu hafifu kama chumvi. Mkiona ukoko huo kwenye mstari wa gasketi, acheni, hata bei ikishushwa, kwa kuwa tiba yake ni kutoa silinda hedi, kutoboa bloku na kuingiza nyuzi mpya za chuma, na si kila gereji ina vifaa vya kuifanya kwa unyoofu.

Mkikuta ni pakavu, funueni rejeta injini ikiwa bado baridi. Maji yawe yamejaa na yawe na rangi. Yakiwa maji ya bomba yenye kutu, mjue gari limekuwa likiongezewa mara kwa mara, na ulizeni kwa nini. Kisha liwasheni, waacheni wawili wasimame nyuma kuangalia moshi wa bluu linapowaka mara ya kwanza, mliendeshe mpaka lipate joto kamili, na mpande nalo mlima wowote ulio karibu huku kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Mshale wa joto ukishafika karibu na katikati haupaswi kusogea tena. Mkirudi, zimeni, subirini litulie kidogo, mpime oili na mkague tena kule nyuma kwa kioo, maana uvujaji mdogo hujionyesha injini ikiwa ya moto.

Vikipita vyote hivyo, angalieni bushi za mbele na shokomzoba, ambazo kwa gari la umri huo huenda zinahitaji kubadilishwa, na hizo mjadiliane kwenye bei bila wasiwasi kwa sababu spea zake zinapatikana hata hapo Dodoma.