Kituo kipya cha televisheni cha bure: je, king'amuzi cha zamani kitakipata huku Mwanza?

Mwenye Mgahawa, Igoma

Habari za leo wanajukwaa. Nina mgahawa mdogo hapa Igoma, na ukutani nimetundika televisheni ambayo, kusema kweli, huwakalisha wateja wa jioni kuliko chapati zangu. Nimesikia redioni kwamba kuna televisheni mpya itakayorusha matangazo yake nchi nzima bila malipo ya mwezi. Nilipokwenda mjini kuulizia, muuzaji mmoja wa ving'amuzi aliniambia kuwa king'amuzi nilichonunua mwaka 2016 hakitaweza kuipata, na kwamba sharti ninunue kingine, ambacho kwa bahati nzuri yeye alikuwa nacho dukani. Je, anasema kweli? Na kama matangazo ni ya bure, ni kitu gani hasa kilicho cha bure ikiwa kila mara natakiwa kununua chombo? Mama yangu anaishi kisiwani Ukerewe, naye ameanza kuuliza habari hiyohiyo.

Fundi Antena, Nyakato

Ndugu yangu, usitoe fedha kwanza. Kigeuze king'amuzi chako usome maandishi ya nyuma. Ukikuta DVB-T2, basi chombo chako kinaelewa lugha inayotumiwa na minara ya hapa nchini, na kituo kipya kikiingia hewani utakachofanya ni kutafuta chaneli upya kwa rimoti. Umri wa king'amuzi si hoja.

Ila kuna jambo ambalo muuzaji wako hakukueleza, pengine kwa sababu halimpi faida. Zamani za analojia, kabla ya dijitali, kila kituo kilikuwa na mtambo wake wa kurushia, na ndiyo maana mapaa ya Mabatini yalijaa antena zilizoelekea kila upande. Mitambo hiyo ilizimwa hapa Mwanza tarehe 28 Februari 2013, miezi miwili baada ya Dar es Salaam, na kwa utaratibu wa leseni uliokuwa umewekwa kabla ya hapo, kazi ya kutengeneza vipindi ilitenganishwa na kazi ya kuvisafirisha. Walipewa leseni wasafirishaji watatu tu. Kila msafirishaji huchukua chaneli nyingi akazibana pamoja ndani ya masafa mamoja ambayo zamani yalibeba chaneli moja, kama daladala inayopakia abiria wa nyumba kumi tofauti. Kwa hiyo kituo kipya hakijengi mnara; kinalipia kiti. Kinaweza kulipia kiti cha Dar es Salaam leo na cha Mwanza mwakani, na wakati huohuo kikajitangaza kuwa ni cha nchi nzima. Swali la kuwauliza ni hili: mmepanda kwa msafirishaji gani, na mnara wake wa Mwanza umeshaanza kuwabeba?

Msafirishaji huyo akiwa yuleyule mwenye king'amuzi chako, umemaliza. Akiwa mwingine, ving'amuzi vingine hufungwa na msafirishaji aliyeviuza visionyeshe chaneli za wenzake hata kama mawimbi yanafika, na hapo tu ndipo maneno ya muuzaji yanaweza kuwa na ukweli. Kumbuka pia kwamba kifurushi kikiisha, chaneli za bure hazipaswi kukatika pamoja nacho.

Nimalizie na miamba yetu. Mawimbi haya hayapendi kupinda. Nimewahi kufunga antena katika nyumba mbili za Bugarika zinazotenganishwa na jabali moja: hii ilipata chaneli zote, ile haikupata hata moja mpaka tulipoongeza bomba la futi kumi. Analojia ilikuvumilia, mawimbi yakipungua uliona chenga, lakini mpira uliuona. Dijitali haina chenga. Picha huganda vipande vipande, kisha kioo kinakuwa cheusi, nawe unadhani kituo kimefungwa.

Kijana wa Kirumba

Kwa heshima zote, nani bado anahangaika na antena? Kila kitu kipo kwenye simu.

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Mwanangu wa Kirumba, njoo huku mwaloni, wavuvi wanapotia nanga, jioni ya mechi uone watu arobaini mbele ya kioo kimoja kinachoendeshwa kwa sola, kisha unieleze kila mmoja wao angetumia bando la shilingi ngapi kwa dakika tisini. Matangazo ya hewani yana sifa moja ambayo intaneti haina: mtazamaji wa elfu moja hamwongezei mrushaji gharama yoyote, wala hampunguzii wa kwanza ubora wa picha.

Fundi amenena vyema, ila maelezo yake ni ya watu wa mjini. Sisi wa visiwani hupokea mawimbi yaliyovuka maji, na maji yana tabia zake. Ziwa likitulia hurudisha mawimbi kama kioo, hewa ya juu yake nayo hubadilika joto asubuhi na jioni, hivyo kuna siku napata picha safi kutoka Mwanza kwa antena iliyofungwa kwenye mti wa mwembe, na kuna siku sipati kitu ilhali sijaigusa. Kwa mama yako ningependekeza dishi, kwa kuwa setilaiti haijui kilima wala kisiwa. Lakini hata hapo uliza kwanza. Mwaka 2018 ving'amuzi vya kulipia vya dishi vilitakiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuondoa chaneli za ndani za bure, kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba, na sisi tuliokuwa tumenunua madishi kwa ajili ya taarifa ya habari ya nyumbani tukabaki na sinema za ng'ambo.

Mama Matangazo, Pasiansi

Nimefanya kazi ya kuuza matangazo ya biashara kwa miaka mingi, kwa hiyo naona upande wa pili. Kituo cha bure hulipwa na mwenye sabuni, mwenye soda na mwenye simu. Hao hawanunui dakika kwa sababu kituo kimezinduliwa kwa ngoma na keki. Wananunua wakijua ni nyumba ngapi zinakiona. Ndiyo maana kufika Mwanza, Sengerema na Geita si hisani wanayotufanyia, ni hesabu yao wenyewe.

Uingereza wamepitia haya. Channel 5 ilipaswa kuanza Januari 1997, ikasogezwa hadi tarehe 30 Machi, kwa kuwa masafa yake yaliingiliana na mashine za kurekodia video majumbani, na ilibidi mafundi wapite nyumba kwa nyumba kuzirekebisha kwa gharama ya kituo. Kisha mwaka 2002 kampuni ya ITV Digital, iliyokuwa ikiuza vifurushi kupitia antena, ilianguka, na mwezi Oktoba mwaka huohuo masafa yake yakazaa Freeview: unanunua kisanduku mara moja, basi. Hapo ndipo neno «bure» lilipopata maana ambayo mwenye mgahawa anaitafuta. Chombo ni chako, mwezi haukudai.

Mimi nitakiamini kituo hiki kipya siku nitakapoona kinatangaza bei ya dagaa na upepo wa ziwani.

Mwenye Mgahawa, Igoma

Nawashukuru wote, Mwalimu, shikamoo. Nyuma ya king'amuzi changu pameandikwa DVB-T2, maandishi madogo yaliyokuwa yamefunikwa na masizi ya jiko. Jana nilipanda juu ya bati, nikakuta kichwa cha waya wa antena kimeshika kutu. Nikakikata, nikavaa kipya cha shilingi elfu moja, kisha nikatafuta chaneli upya. Chaneli ziliongezeka kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa. Mwishoni mwa orodha kuna moja isiyo na jina, yenye mistari ya rangi na mlio mmoja usiokatika. Wateja wawili waliitazama kwa dakika nzima. Fundi, je, hiyo ndiyo yenyewe wakifanya majaribio, au ni ya mtu mwingine?

Fundi Antena, Nyakato

Bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti, uniandikie namba ya masafa itakayotokea. Na mlio huo uuzime sauti kabla hawajakukimbia.