Muziki wa How to Train Your Dragon: ya kwanza au ya pili?

Fundi_Sauti_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Naomba kuwauliza wale wanaousikiliza muziki wa filamu kwa makini.

Kazi yangu ni kuhariri video, nakata harusi na matangazo madogo madogo, kwa hiyo masikio yangu yako kazini kutwa. Wikiendi hii nimetazama mfululizo filamu ya katuni How to Train Your Dragon ya 2010, ile ya kijana Hiccup na joka lake Toothless, na ile ya pili ya 2014. Muziki wa zote mbili umetungwa na mtu mmoja, John Powell, Mwingereza. Kila ninakopita nakuta watu wanasema wa pili umeuzidi wa kwanza kwa mbali, na mimi kwa kweli huko kuzidi sikuoni. Ya kwanza nikimaliza kuitazama naondoka na wimbo mdomoni. Ya pili naondoka na kishindo. Kwaya imo, tarumbeta zimo, ngoma zimo, vyote kwa mkupuo, nami nabaki nayatafuta mahadhi.

Ninachokosa ni nini? Mwenye kipande mahususi cha kunionyesha akitaje kwa jina, nikakisikilize leo leo.

Mzee_wa_Stesheni

Hukosi kitu, mkuu. Masikio yako mazima. Ya kwanza iliteuliwa kuwania Oscar ya muziki mwaka 2011, ikashindwa na The Social Network, na mpaka leo naamini ilistahili kushinda. Ya pili iliwania ya filamu bora ya katuni, lakini kwenye kipengele cha muziki haikutajwa kabisa. Wanamuziki wenyewe ndio wanaoteua wenzao. Walisikia tofauti.

Sikiliza kipande cha Test Drive cha filamu ya kwanza peke yake, dakika mbili na nusu tu. Ndani ya filamu nzima ya pili nitafutie dakika mbili na nusu za kushindana nazo.

Mwl_Tarumbeta

Kijana wangu wa Tabata, umeuliza vizuri. Mimi ni mwalimu wa kikundi cha tarumbeta cha usharika huku Machame, kila Jumamosi jioni nipo na vijana tunapanga sauti nne, na muziki huu wa filamu mbili nimeusikiliza miaka sasa. Nikueleze ninavyousikia.

Anza na Forbidden Friendship ya filamu ya kwanza. Ina dakika nne na sekunde kidogo. Hiccup yuko bondeni na lile joka, Toothless, na hakuna anayetamka neno. Powell anaanzia chini kabisa: vyombo vya kugonga, sauti yake kama marimba na vikengele, vinarudia rudia kijipande kimoja kifupi. Mahadhi hayajafika bado. Kijana anachora mchangani, joka nalo linang'oa mti na kuchora michoro yake, na muziki unapokea chombo kimoja, unatulia nacho, unapokea kingine. Nyuzi zinaingia kwa chini. Kisha kwaya isiyo na maneno. Hiccup anapita katikati ya mistari ile akikwepa kuikanyaga, muziki unapanda naye, na kufikia pale anapogeuza uso pembeni na kunyoosha kiganja, umeshashuka tena umebaki pumzi tu. Mtunzi mwingine angepiga tarumbeta zote pale mkono unapogusa pua ya joka. Powell amenyamaza. Nawaambia vijana wangu kila mara kwamba kujua wakati wa kutopiga ni nusu ya upigaji, na hapa ndipo ninapowaonyesha.

Test Drive aliyoitaja Mzee wa Stesheni ni upande wa pili wa ustadi huohuo. Hiccup amebandika karatasi yenye namna za kuupanga ule mkia wa bandia wa Toothless, karatasi inachomoka, wanaanguka, muziki unakatika. Anapoitupa ile karatasi na kuendesha kwa hisia kati ya miamba, okestra inarudi yote. Yale mahadhi ya kuruka umeyangoja kwa nusu ya filamu. Yanapokuja yametoka jasho, ndiyo maana yanakung'ang'ania mdomoni.

Sasa njoo kwenye ya pili. Katika hadithi imepita miaka mitano. Majoka yanaishi kijijini. Powell hana tena haja ya kukutambulisha kwa mtu yeyote, na kosa kubwa ambalo angeweza kulifanya ni kuurudia ule utambulisho. Sikiliza Dragon Racing, ya kwanza kabisa kwenye albamu. Ni mahadhi yale yale ya kijiji cha Berk uliyoyasikia kwenye This Is Berk ya 2010. Kule yalikupeleka moja kwa moja kwenye usiku wa mashambulizi ya majoka, nyumba zinaungua, watu wanakimbia na mashoka. Hapa yanakupeleka kwenye mashindano, kondoo wanatupwa kapuni na watu wazima wanashangilia. Asiyeijua ya kwanza anasikia shangwe tu. Anayeijua anasikia kijiji kilichopona. Hayo huwezi kuyapata kwa wimbo mpya hata uwe mtamu namna gani.

Kisha Where No One Goes, ile anayoimba Jónsi wa bendi ya Sigur Rós, kutoka Iceland. Shika mahadhi yake uyaweke kando ya Test Drive: ni ndugu wa damu. Kilichokuwa kilele cha filamu ya kwanza kimekuwa mlango wa kuingilia ya pili. Hebu fikiri mtunzi amejitwisha mzigo gani. Kama kuruka ndiko mwanzo, atapanda kwenda wapi?

Alipanda kwenda kwa mama. Hiccup ana miaka ishirini, amekua akijua mama yake Valka alikufa, na anamkuta hai katikati ya mamia ya majoka. Hapa kuna mahadhi mapya kabisa, na hayo ndiyo unayoyatafuta. Yasikilize kwanza kwenye Valka's Dragon Sanctuary, yakiwa na mshangao, halafu Flying with Mother yanapofunguka yote. Kwaya unayoilalamikia, hapo ndipo pake. Ukisikiliza ile sauti ya juu peke yake utasikia kelele. Shuka chini, fuata besi, utaona kuwa wanaume wamebeba kitu na wanawake wanakijibu. Kila nikifika kipande hicho nasimamisha ninachofanya. Hakuna kitu kwenye filamu ya kwanza chenye furaha ya namna ile, kwa sababu filamu ya kwanza haikuwa na msiba wa miaka ishirini wa kuufuta.

Kisha msiba wenyewe unarudi. Stoick Saves Hiccup, baba yake Hiccup, Stoick, anajirusha mbele ya moto wa Toothless ambaye akili yake imeshatekwa na yule joka mkubwa wa Drago, adui wa filamu hii. Halafu Stoick's Ship, mazishi. Zumari za mfuko za Waskoti, kwaya, jahazi linasukumwa majini na mtoto anarusha mshale wa moto. Mimi nimepiga tarumbeta makaburini tangu ujana wangu. Muziki wa mazishi una hatari mbili: kulia kuliko wafiwa, au kukazana mno usilie. Huu umepita katikati.

Pale unapolalamikia kishindo, nakuunga mkono kwenye Battle of the Bewilderbeast. Ni ndefu, imejaa, na mahadhi ya Drago yenyewe ni mazito lakini hayana sura. Adui wa filamu hii hakupata wimbo wa kumtosha.

Mzee wa Stesheni, hoja ya tuzo naielewa, na mimi pia iliniuma mwaka ule. Ila walioteua walipima wimbo wa mwaka mmoja na nyimbo za mwaka ule. Sisi tunapima mtoto na mzazi wake.

Bint_Kisauni

Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote na nina neno langu.

Mbona hukutaja For the Dancing and the Dreaming? Kwangu mimi filamu ya pili inashinda hapo, na okestra haina makuu hata kidogo wakati huo. Stoick amempata mke aliyedhani amekufa. Hajui aseme nini, hajui amkamate vipi. Anaanza kupiga mluzi. Mluzi tu. Valka amempa mgongo, ameshikilia chombo cha maji, na taratibu unamwona kwa mabega yake kwamba ameutambua ule wimbo. Ndipo Stoick anaimba, rafiki yake Gobber anaingilia, na mwisho Valka anaitika ubeti wake.

Wimbo huo Powell aliutunga na Jónsi pamoja na Shane MacGowan, yule wa bendi ya The Pogues, na unausikia umekaa kama wimbo wa harusi uliokuwepo kabla ya wao wote kuzaliwa. Gerard Butler, sauti ya Stoick, anaimba mwenyewe, na Craig Ferguson, sauti ya Gobber, pia. Sauti ya Valka ya kuimba ni ya Mary Jane Wells, si ya Cate Blanchett anayemwongelea kwenye filamu. Huku kwetu Mombasa bibi harusi akiimbiwa na shangazi zake, hakuna anayeuliza nani ana sauti nzuri. Wimbo ule una jambo hilo hilo. Stoick haimbi vizuri sana na haitakiwi aimbe vizuri.

Wanangu wawili wanauimba wakioga. Test Drive hawaiimbi.

Mwl_Tarumbeta

Marahaba mwanangu. Niliuacha kwa kuwa kijana aliuliza okestra, ila umesema kweli tupu. Na tazama kilichoutangulia: Stoick Finds Beauty. Valka anajitetea, anaongea mfululizo kwa hofu, Stoick anamsogelea kimya kimya, na muziki uko chini chini, haumwingilii. Mtunzi wa Forbidden Friendship yule yule. Hajausahau ukimya, ameuhamishia kwa watu wazima.

Mzee_wa_Stesheni

Mwalimu, nakusikia, na Bint Kisauni nakusikia. Bado sijahama. Kazi ya muziki wa filamu ni kumshika mtu asiyejua lolote, aliyeingia ukumbini na bisi zake. Ya kwanza inafanya hivyo. Ya pili, kwa maneno yako mwenyewe, inamtaka mtu awe ameshaisikia ya kwanza ndipo aone utamu wake. Kwangu hilo ni deni, na deni linahesabiwa.

Flying with Mother nakubali ni kubwa. Nimeirudia sasa hivi. Ila hata yenyewe, toa picha ya mama kichwani, kinabaki nini?

Mwl_Tarumbeta

Kinabaki mahadhi, Mzee wangu. Yaandike kwa nota za solfa kwenye karatasi, mpe mtoto ambaye hajawahi kuiona filamu ayapige kwa tarumbeta moja bila ya kuambiwa ni ya nini. Mimi nimefanya hivyo na kijana wa sauti ya pili. Alipomaliza aliyapiga tena bila kuambiwa.

Kuhusu deni, hapo tunatofautiana kabisa na sitaki kulifunika. Mwendelezo usiodai chochote kwa ile iliyotangulia unaweza kuitwa filamu nyingine tu. Naheshimu msimamo wako.

Fundi_Sauti_Tabata

Wakuu, nimerudi. Jana usiku nimesikiliza albamu zote mbili kwa hedifoni, bila picha, taa imezimwa.

Kwanza niseme kitu cha kikazi ambacho hakuna aliyekigusa. Ndani ya filamu ya pili milipuko na ngurumo za majoka zimekaa palepale zilipo tarumbeta na ngoma kubwa, zinagombania nafasi. Kwenye spika za televisheni yangu vinakuwa donge moja. Kwenye albamu donge linafumuka. Dragon Racing nimesikia fidla zinakimbia ndani yake ambazo kwenye filamu sikuzisikia kabisa. Kwa hiyo sehemu ya kishindo changu ilikuwa ya mchanganyiko wa sauti, si ya Powell.

Flying with Mother nimefuata besi kama mwalimu alivyosema. Nimeirudia mpaka simu ikaisha chaji. Kwa kipande hicho nimehama.

Kwa Test Drive sijahama, Mzee wa Stesheni tuko pamoja. Ile sehemu muziki unapokatika, mhariri yeyote angetamani kuikata yeye. Na Battle of the Bewilderbeast hata kwa hedifoni imenichosha.

Where No One Goes ndiyo iliyonishangaza. Nimeziweka na Test Drive kwenye laini mbili za programu yangu ya kuhariri, nikavuta moja mpaka mapigo yakalingana. Mahadhi yanakaa juu ya mwenzake bila kulazimishwa.

Mwalimu, swali la mwisho: kikundi chenu kimewahi kupiga chochote cha humu?

Mwl_Tarumbeta

Tulipiga mahadhi ya Berk, yale ya This Is Berk, siku ya sherehe ya vijana, nje ya kanisa. Yanafaa tarumbeta kwa sababu yamejengwa kwa hatua pana na yanapumua vizuri, mpigaji ana mahali pa kuvuta hewa. Test Drive tumeijaribu, inawashinda sauti ya kwanza pale mwishoni, ni juu mno na ndefu mno kwa midomo ya vijana. Flying with Mother naipanga sasa: mahadhi nayapa sauti ya tatu, yale yanayoimbwa na kwaya nayapa sauti ya kwanza na ya pili, na tuba ashike besi peke yake.

Bado sijapata la kufanya na ule mwanzo wake laini. Tarumbeta hazijui kunong'ona.

Bint_Kisauni

Mwalimu, wape filimbi watoto wa shule ya Jumapili wauanze wao.

Mwl_Tarumbeta

Hilo nalichukua. Jumamosi nitalijaribu.