Mawakala wa viza Kigoma, acheni kudanganya watu kuwa "risiti inatosha"

Wakuu, nimevumilia nimeshindwa. Uzi huu una povu, asiyependa povu apite.

Dada yangu ameolewa Uingereza. Viza yake ya mwenza, ile ya miezi 33, ilikuwa inaelekea kuisha, akaomba kuongezewa akiwa kulekule na kabla tarehe haijafika. Mpaka hapo kila kitu sawa. Maombi yakiwa bado yanashughulikiwa, mama huku Ujiji akaanguka, kiharusi. Dada akataka kuja. Kabla ya kukata tiketi akamuuliza bwana mmoja mwenye steshenari hapa Mwanga anayejiita mshauri wa viza, ambaye ndiye aliyemjazia fomu za mwanzo. Jibu lake ninalo kwenye simu mpaka leo, kwa sauti yake mwenyewe: "Dada njoo umuone mama, wala usiwe na wasiwasi. Ile risiti ya maombi ndiyo inakulinda, ukirudi unawaonyesha hiyo."

Akaja. Wakati wa kurudi akapitia pale steshenari, jamaa akaiprinti ile risiti kwa rangi, akailamineti, akachukua elfu tatu yake. Karatasi imenyooka, inang'aa kama leseni ya udereva. Dar, kwenye kaunta ya ndege, binti wa watu hata hakuishika. Aliingiza taarifa za pasipoti, akasubiri kidogo, akaita mkubwa wake, wakarudi na jibu moja: ruhusa ya kuishi imekwisha, hatuwezi kukupakia. Dada anaonyesha lamineshoni yake, wao wanaita abiria anayefuata.

Sasa sikieni, maana hii si siri. Imo kwenye kanuni zao za uhamiaji, aya ya 34K. Ukiomba ukiwa ndani ya Uingereza, halafu ukatoka kabla uamuzi haujatolewa, maombi yanahesabika kuwa umeyaondoa mwenyewe kuanzia siku uliyosafiri. Ukienda Ireland, Isle of Man au visiwa vya Channel maombi hayafutiki. Ukija Ujiji, umejifuta. Na ile ruhusa ya zamani, ambayo kifungu cha 3C cha sheria yao ya uhamiaji ya 1971 kinairefusha wakati unasubiri majibu, nayo inakatika ukishatoka nje.

Ubaya wake ni kwamba hakuna wa kukushika mkono. Siku hizi nyaraka zinapandishwa mtandaoni na pasipoti unabaki nayo. Ukiondoka Uingereza hupiti kwa afisa uhamiaji wa kukugongea muhuri wa kutoka, unakaguliwa mizigo, unapanda ndege. Unakuja kugundua umejifungia mlango ukiwa umeshakula ugali wa kwenu.

Najua kuna watakaosema "angesoma mwenyewe". Sawa. Lakini mtu aliyeambiwa usiku kwamba mama yake hawezi kutamka jina lake anamuuliza mtu aliyemlipa. Si ndiyo maana alimlipa? Angeambiwa ukweli angebaki huko, mimi na shangazi tungemuuguza mama, kama tunavyomuuguza sasa.

Nilimfuata ofisini kwake. Anajua aliloniambia? "Mdogo wangu, mbona nina mteja wa Marekani alisafiri na akarudi vizuri tu." Marekani! Kule mwenza anayeomba grini kadi akiwa ndani ya nchi anaombewa kwanza kibali cha kusafiri, fomu I-131, na kwa kawaida akitoka bila kibali hicho na yeye anahesabika ameyatelekeza maombi yake. Uingereza haina kibali cha namna hiyo kwa mtu anayesubiri majibu. Na anayeomba akiwa hapahapa Kigoma ni habari nyingine kabisa: huyo akivuka kwenda Bujumbura kufuata mzigo hafuti maombi, labda tu pasipoti yake iwe imebaki kituo cha viza. Mambo tofauti matatu, bwana huyu anayatolea jibu moja. Nikamwambia nina sauti yake kwenye simu, akasema mambo yote anapanga Mungu. Mungu gani aliyelamineti ile risiti?

Kwa hiyo dada anaanza moja. Kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, Dar. Alama za vidole, Dar. Kutoka huku ni zaidi ya kilomita 1,200, wenye kupanda basi la Kigoma wanajua. Ada mpya, na mchango wa afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Ada ya yale maombi yaliyokufa hairudi. Halafu shemeji anafanya kazi ghalani, na tangu 11 Aprili 2024 kipato kinachotakiwa kwa anayeomba upya ni pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 ya zamani. Anachukua zamu za usiku, mtoto analala kwa jirani.

Uingereza kwenyewe, tangu sheria yao ya 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji kama biashara bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Hapa kwetu ukiwa na mashine ya fotokopi tayari wewe ni mshauri.

Jina lake siliweki hapa, mods watafuta uzi. Ninachotaka ni pesa ya dada: laki nne na nusu ya "ushauri" aliyochukua, na ile elfu tatu nayo simuachii. Kama kuna aliyewahi kumfungulia mtu wa aina hii madai Mahakama ya Mwanzo, anielekeze naanzia wapi, na kama sauti ya WhatsApp inapokelewa kama ushahidi. Na wewe ambaye steshenari ya Mwanga imekuambia usafiri na risiti, usikate tiketi. Njoo PM nikusikilizishe.