Lubumbashi: kontroli tekiniki (ukaguzi wa gari) ya karatasi, gari haliguswi!

Wenye magari, mashofere na makaniki, njooni tusemezane bila kufichana. Mabishano ya "gari likaguliwe mara ngapi kwa mwaka" yamenichosha. Hata mkiweka kila mwezi, kama mkaguzi anatazama karti roze (kadi ya gari), asiransi (bima) na risiti, anazunguka gari mara moja na kugonga muhuri, hapo zimekaguliwa karatasi. Kriki, yaani jeki, haikuguswa, boneti haikufunguliwa, na hakuna aliyeinama kutazama chini.

Nianze na kitu ambacho hata mtoto anakiona. Congo tunaendesha kulia. Minibasi iliyotengenezwa kwa soko la Japan, ambako wanaendesha kushoto, ina mlango wa kuvuta upande wa kushoto. Kwetu mama mwenye mtoto mgongoni anashukia katikati ya barabara, na lori la madini linampita kwa sentimita. Gari hilo linapataje cheti? Na wale wanaokata bati upande wa kulia na kuchomelea mlango mpya: nani anatazama nguzo iliyokatwa na sakafu iliyokuwa imeshikamana nayo?

Taa ndizo mbaya zaidi, maana zinaua usiku na mchana hazionekani. Mwanga wa taa fupi za gari la Japan umepandishwa kushoto, ili uangaze ukingo wa barabara yao. Hapa kwetu kushoto ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unamchoma macho kuanzia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mpaka mjini. Kupima hakuhitaji mashine. Weka gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani. Chora kwa chaki kimo cha katikati ya taa, kisha washa taa fupi. Mpaka wa mwanga na giza ukae kama sentimita 5 chini ya chaki, na mpando wake uwe upande wa kulia. Ukipanda kushoto, usidanganywe na skurubu ya kurekebisha: inashusha mwanga wote lakini haigeuzi mpando, maana umbo hilo limo ndani ya taa yenyewe. Dawa ni taa za gari la usukani wa kushoto. Dakika kumi tu! Chaki na ukuta!

Halafu magari yaliyogeuzwa usukani. Yakigeuzwa vizuri, kwa vipuri kamili vya gari la usukani wa kushoto, sina neno. Lakini mengine chuma cha usukani kimekatwa na kuungwa kwa kuchomelea, na bomba la freni limekunjwa likasugua kwenye bodi mpaka linang'aa kama sarafu. Hapo linapong'aa ndipo litakapotoboka. Mkaguzi asiyetia tochi chini ya dashibodi hawezi kuviona.

Sasa freni. Silinda ya gurudumu moja ikivuja na pesa ya mpya hakuna, mnajua kinachofanyika: gololi ya beringi inaingizwa kwenye kiungo cha bomba, nati inakazwa, gurudumu hilo limefungwa. Kanyagio linarudi kuwa gumu na shofere anafurahi. Lakini ikiwa ni gurudumu la mbele kushoto, la kulia linashika peke yake, na ukikanyaga kwa nguvu gari linarukia kulia, kwa wanaotembea pembeni. Kwenye mashine ya roli, inayopima nguvu ya freni ya kila gurudumu, ujanja huu hauishi sekunde tatu. Gurudumu moja likitoa nguvu ya kilo 200 na mwenzake kilo 120, tofauti ni asilimia 40. Ulaya, tofauti ya magurudumu mawili ya mhimili mmoja ikizidi asilimia 30, gari linarudishwa. Pasipo roli, inua mbele kwa kriki, mmoja akanyage freni, mwingine ajaribu kuzungusha kila gurudumu kwa mikono. Linalozunguka halishiki freni, na huenda ndilo lenye gololi.

Magurudumu yakiwa juu hivyo, shika pine (tairi) juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini ni beringi au rotile (kiungo cha gololi) ya chini. Wa kushoto na kulia mara nyingi ni rotile za direksioni, yaani za usukani. Pine nazo: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Tena pitisha kidole ndani ya mifereji: pine ya okazioni (iliyokwisha kutumika) iliyochongwa upya kwa kisu ina kingo kali, na chini yake mpira umebaki mwembamba juu ya nyuzi.

Nyongeza, kwa wanaosema tuige Ulaya. Ufaransa gari dogo linakaguliwa likikaribia miaka 4, kisha kila miaka 2. Uingereza ni miaka 3, kisha kila mwaka. Japan ni miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo ni sababu mojawapo ya Wajapani kuyauza mapema yakatufikia sisi. Kalenda hizo zinahesabu umri wa gari. Hapa hesabuni kilomita. Taksi-basi ikifanya kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilomita 3,900. Miezi sita ni 23,400. Kwa vumbi letu na kusimamasimama, plaketi (pedi) za freni zinaweza kwisha kabla ya hapo, na cheti bado kinasoma "nzuri".

Kwangu: taksi-basi na malori kila miezi mitatu, freni, direksioni, pine na taa tu, nusu saa. Gari la nyumbani mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi, kabla mvua haijakuta pine zenye upara. Na cheti kiandikwe namba: nguvu ya freni ya kila gurudumu, milimita za pine, kilomita za gari siku hiyo. Muhuri peke yake haunisaidii kitu.

Aliyewahi kuona gari likinyimwa cheti hapa mjini kwa sababu ya freni, aandike ni mhimili gani na tofauti ilikuwa asilimia ngapi. Nangoja.