Tupeane uzoefu: kuzidisha kwa msalaba kwenye hesabu za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko"

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha tuisheni ya kidato cha tano, na kila mwaka hata vichwa vya darasa hupotea hapa. Wakiona sehemu yenye x kwenye asili (namba ya chini), wanazidisha kwa msalaba kana kwamba ni mlinganyo wa kawaida. Mfano:

(x + 1)/(x − 2) > 3

Wanaandika x + 1 > 3x − 6, jibu x < 3.5. Nawaambia wajaribu x = 0. Kushoto inatoka −0.5. Hiyo ni kubwa kuliko 3? Kimya. Shida ni kwamba x − 2 ni hasi kila x ikiwa chini ya 2, na ukizidisha kwa hasi alama lazima igeuke. Jibu ni x kati ya 2 na 3.5 tu. Ninyi ilikuwaje? Tiririkeni.

chaki_nyeupe: Mkuu, wa kwangu walikuwa wanapoteza majibu badala ya kuyaongeza. 1/x < 2, wanapata x > 1/2 na kufunga daftari. Namba hasi zote zimetupwa! Weka −4, unapata −0.25, ndogo kuliko 2 bila ubishi. Ndipo nikaacha kuwaambia "kumbuka kugeuza alama", maana x yenyewe hujui ni hasi au chanya, sasa utageuza lini? Siku hizi navusha kila kitu upande mmoja: (1 − 2x)/x < 0. Tunachora mstari wa namba, tunaweka 0 na 1/2, kisha tunajaribu namba moja katika kila kipande. x < 0 inajitokeza yenyewe, na x > 1/2 pia. Inachukua muda, lakini mtoto anaona kwa macho yake.

kodi_usiku: Imenikuta kazini. Nilirithi programu inayolinganisha a/b na c/d kwa kuangalia kama a×d < c×b. Ikaja data yenye 1/−2 na 1/3. Ikauliza: 3 < −2? Hapana. Basi ikaamua nusu hasi si ndogo kuliko theluthi. Dawa ni kupandisha alama ya hasi juu kabla ya kulinganisha. Lugha ya programu ya Python ndivyo inavyofanya: Fraction(1, -2) inahifadhiwa kama −1/2.

mratibu_safari: Mbona mimi msalaba haujawahi kuniangusha? Basi la harusi 600,000, chakula 5,000 kwa kichwa, mchango usizidi 25,000 kwa mtu: (600,000 + 5,000n)/n ≤ 25,000. Nikapata n ≥ 30.

Mleta uzi: Uko sahihi dada. n ni idadi ya watu, ni chanya tangu mwanzo. Hata asili kama x² + 1 haina tatizo.

mzee_wa_vipeo: Mnazunguka sana. Zidisha pande zote kwa asili iliyopandishwa kipeo cha pili, haiwezi kuwa hasi. (x − 5)/(x − 1) ≤ 0 inakuwa (x − 5)(x − 1) ≤ 0, x kuanzia 1 hadi 5.

Mleta uzi: Njia nzuri mzee, ila 1 itoe. Ukiiweka unagawanya kwa sifuri. 5 inaingia, 1 haiingii.