AS/400: faili zinakwama foleni usiku. Niongeze MAXACT (idadi ya kazi zinazoruhusiwa kwenda kwa pamoja), nitenge foleni, au nihamie SFTP (uhamishaji wa faili uliosimbwa)?

zamu_ya_usiku: Wakuu, salaam. Tuna AS/400 (kompyuta ya biashara ya IBM) inayotuma faili 12 za mauzo kila usiku kwa FTP (njia ya kuhamisha faili mtandaoni). Kila moja ni kazi yake, inayotumwa kwa amri ya SBMJOB kwenda foleni ya QBATCH. Wiki hii mara mbili nimefika asubuhi nikakuta ya kwanza bado inaonekana inafanya kazi na 11 zimejipanga nyuma yake. Nikiiua hiyo moja, zilizobaki zinapita bila shida. Kati ya njia hizo tatu, mngeanza na ipi?

kibodi5250: Mkuu, QBATCH inakuja na MAXACT(1), yaani kazi moja tu kwa wakati. Tumia amri ya CHGJOBQE, weka 4. Dakika moja umemaliza.

MamaMifumo: Kaka, naomba usiguse QBATCH. Kuna kazi pale zinategemea huo mstari na hakuna aliyeandika popote kwamba zinautegemea. Kwetu tuliongeza MAXACT wiki ya kufunga mwezi, ankara zikachapwa kabla kazi ya bei mpya haijaisha. Tulirekebisha kwa mkono siku mbili, na wateja walikuwa wameshapokea.

Tenga foleni. CRTJOBQ QGPL/UHAMISHO, kisha ADDJOBQE uiunganishe na mfumo mdogo (subsystem, sehemu inayoendesha kazi za foleni) wa QBATCH, MAXACT(3). Angalia SEQNBR (namba ya zamu ya foleni ndani ya mfumo mdogo): 10 ni ya kawaida ya amri na kwa kawaida imeshachukuliwa, kwa hiyo weka nyingine. Ukimaliza fungua WRKJOBQ. Ukiona RLS tupu badala ya RLS/SBS, foleni haijashikwa na mfumo mdogo wowote na kazi zitalala humo milele.

pwani_net: Foleni mpya itazuia moja isizibe nyingine, lakini hiyo moja itaendelea kukwama. Ulifanya OVRDBF ya OUTPUT, yaani majibu ya FTP yaandikwe kwenye faili? Mstari wa mwisho unasemaje?

zamu_ya_usiku: Ninayo. Mwisho ni 150 (seva inaanza kupokea data), halafu kimya. Cha ajabu, wa upande wa pili wanasema faili imefika nzima.

pwani_net: Basi ndiyo hiyo. FTP ina njia mbili: ya amri, bandari 21, na ya data. Faili kubwa ikipita muda mrefu, njia ya amri inakaa kimya, fayawoli inaiona imekufa na kuifuta. Data inafika yote, ila jibu la 226 (uhamisho umekamilika) halina pa kupitia, na kazi yako inalisubiri. Hiyo ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote?

zamu_ya_usiku: Ndiyo, na siku zote mbili mauzo yalikuwa makubwa kupita kawaida.

kibodi5250: Nakubali, MAXACT peke yake ingeficha tu ugonjwa. Ahsante mama kwa onyo.

funguo_mbili: Nitetee SFTP kidogo. Inapita kwenye muunganisho mmoja, bandari 22, kwa hiyo ugonjwa huu haiupati. Pili, amri ya FTP inaisha salama hata kama seva imekataa kwa 550. Usiposoma OUTPUT hutajua. Sftp yenye -b (inayosoma amri zake kutoka faili) inasimama put ikishindwa na kurudisha namba isiyo 0. Na nywila haikai wazi kwenye faili ya INPUT (yenye amri za FTP).

Gharama zake: lazima utumie funguo, maana kazi ya usiku haina mtu wa kuandika nywila. Pia haibadilishi EBCDIC (usimbaji wa herufi wa AS/400) kama FTP inavyofanya, kwa hiyo utapitisha CPYTOIMPF (amri ya kunakili data kuwa faili ya maandishi) kwanza kwenda IFS (eneo la faili za kawaida). Kwa faili 12, hiyo ni kazi ya wiki nzima na majaribio yake.

zamu_ya_usiku: Mrejesho. Watu wa mtandao wameongeza muda wa kukaa kimya kwa bandari 21, na UHAMISHO inafanya kazi na MAXACT(3). Usiku wa tatu sasa, 226 zote 12 zipo. QBATCH sijaigusa. Programu ya CL (lugha ya amri za AS/400) sasa inasoma OUTPUT na kunitumia ujumbe ikikosa 226. SFTP nimeiombea muda mwezi ujao, hasa kwa sababu ya ile nywila.

MamaMifumo: Hongera mwanangu. Iandike na SEQNBR uliyoweka, atakayekuja baada yako aikute.